Njoo Kabla ya Mvua

Siwezi kukaanga samaki bila kuwasha redio. Mume wangu ananicheka, anasema nimeolewa na hofu ya mafuta. Simbishii. Wiki iliyopita nilinunua changu wa barafu pale Coventry Road, nikawapaka chumvi na ndimu, na nilipomtia wa kwanza tu kwenye karai mwanangu akaizima redio, anataka kunionyesha kitu kwenye simu. Mafuta yakalia chwaaa. Nikasimama na kijiko mkononi jikoni kwetu Lozells, hapa Birmingham, mtu mzima na nywele zimeanza mvi, nikawa nina miaka tisa tena na nimeshika simu ya mama yangu kwa mikono miwili. Samaki aliungua upande mmoja.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Small Heath, kwenye moja ya zile nyumba zilizobanana, mlango wetu na wa jirani inaweza kupeana mkono. Mama ni mtu wa Pangani. Baba alikuwa mtu wa Siera Leone, wa kijiji cha kaskazini ambacho huwezi kukifikia bila kuvuka mto kwa pantoni. Walikutana humu humu Birmingham, kiwandani walikokuwa wakifunga mikate, na lugha yao ilikuwa Kiingereza cha kuungaunga pamoja na Kiswahili ambacho Baba alijifunza jikoni. Kiswahili chake hakikuwa na habari na ngeli. Chai mzuri. Mtoto kizuri. Viatu yangu yuko wapi. Mimi nilimsahihisha kwa Kiingereza, maana sisi tuliozaliwa huku mnatujua, tunasikia kila kitu lakini kujibu hatujibu. Nilimpenda sana baba yangu. Nasema mapema, msije mkadhani haya ni mambo ya hali ya hewa tu.

Mwaka huo, baada ya Krismasi, Baba alikwenda kwao kumzika babu. Alisema wiki tatu. Wiki ya pili akaanguka akitawadha, na walipomwinua upande wake wa kushoto ulikuwa hausikii. Hospitali ikamtunza siku kadhaa, ikamrudisha kijijini kwa ndugu zake. Kumpandisha ndege, walisema, haiwezekani, hata kukaa kitako anakaa kwa shida.

Kijijini hakukuwa na mtandao. Kupiga simu ilibidi mtu avuke mto, aje kwenye mji mdogo wa upande wa huku wenye soko. Mwezi wa pili baba mdogo, yaani ndugu yake Baba anayemfuata, alimpakia kwenye pikipiki, akamfunga kiunoni kwa kitambaa asidondoke, wakavuka kwa pantoni, na Jumamosi moja asubuhi tukaisikia sauti yake mezani, katikati ya vikombe vya chai.

"Mama Mariama."

"Labeka."

"Njoo. Njoo kabla mvua."

Mama akageuka kuitazama kalenda ya bucha iliyokuwa ukutani. "Kabla ya mvua? Baba Mariama, mbona mvua ndiyo hiyo inabisha hodi? Hapa mpaka nipate ruhusa kazini, mpaka viza, masika yatakuwa yameshaanza. Nije nikwame kwenye matope na mtoto, itakufaa nini? Nitakuja mvua ikiisha."

Simu ikakwaruza. Tukadhani imekatika.

"Mbali," Baba akasema.

"Si mbali. Nitafika tu."

"Sawa. Mimi subiri." Halafu akaniulizia mimi, nikasema haloo Daddy, akauliza shule mzuri, nikasema fine. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia baba yangu, fine, kwa sababu katuni ilikuwa imeanza.

Siku hiyo hiyo Mama akaanza mipango, na Mama akipanga kitu mjue kimepangwa. Alizungushia wino mwekundu mwezi wa saba. Masika yamekwisha, njia zimekauka, kipupwe kimeingia, jua la kiasi, na mimi shule karibu inafungwa. Aliomba likizo kiwandani. Alinunua mto wa kukalia na dawa ya kuchua, na mashuka mapya ya Baba, akavipanga kwenye begi na vidonge vya nondo, na lile begi likakaa chini ya ngazi miezi na miezi, nyumba nzima inanuka safari. Jioni akipita hapo alikuwa analigusa kwa mguu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Kazi niliyopewa mimi ilikuwa kutafuta habari za huko. Baba hakupenda kueleza nchi yake, alikuwa akiulizwa anasema ni kijani. Basi nikaenda maktaba ya mtaa, nikaazima kitabu cha nchi za Afrika Magharibi, kina picha za wanawake sokoni na watoto wa shule. Ukurasa wa Siera Leone ulikuwa na mchoro mdogo, miezi imepangwa chini na juu yake nguzo za bluu. Miezi ya mwanzo nguzo zake zilikuwa fupi huzioni. Kuanzia mwezi wa tano zinapanda, na za mwezi wa saba na wa nane zilikaribia kutoboa ukurasa. Nikasoma maelezo. Ilikuwa mvua.

Nilimpelekea Mama jikoni akiwa anamenya muhogo. "Mum, it says it rains in July. Loads."

Akafuta mikono, akainama kuangalia. "Mwezi wa saba?"

"And August."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mariama, mimi nimezaliwa Afrika. Mwezi wa saba mvua itoke wapi?"

Nilipong'ang'ania, tukaipeleka kesi kwa Anti Njeri, jirani yetu, muuguzi, Mkenya wa Nyeri, aliyekuwa akitoka kanisani Jumapili lazima apite kwetu na chapati. Alikiangalia kitabu huku amesimama, koti halijavuliwa. "Wacha nikwambie, July ni baridi tu. Kwetu huwezi toka nje bila sweta. Mvua ni April, kila mtu anajua. Hiyo kitabu iliandikwa na mtu hajawahi toka hapa."

"Si unasikia?" Mama akaniambia.

Wawili hao walikuwa wamezaliwa Afrika, na kitabu kilikuwa kimezaliwa maktaba. Nikaona aibu kwa niaba ya kitabu. Usiku sikufanya lolote, lakini kesho yake kabla ya shule nilichukua penseli ya bluu nikapiga mistari ya kufuta zile nguzo ndefu za mwezi wa saba na wa nane, nikachora nyingine ndefu juu ya mwezi wa tatu na wa nne, nikazipaka bluu vizuri, ili mtoto mwingine atakayeazima asidanganywe. Nikakirudisha. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Nguzo zile niliziona kwa macho yangu, na ulikuwa mwezi wa tatu, na pantoni ilikuwa bado inavuka. Mimi ni mtu wa hasira, ndugu zangu wanajua, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inamwendea yule msichana na penseli yake.

Tena nilikuwa na ujinga mwingine wa peke yangu. Nilikuwa nimemsikia Mama akimtania dada yake wa Pangani kwenye simu, "Mvua yenu imehamia kwetu, tumeikamata huku." Nikaamini. Nikajua mvua ni moja duniani, inazunguka, ikiwa hapa haiko pale. Basi mwezi wa nne Birmingham iliponyeshewa wiki nzima, watu wamekunja nyuso kituo cha basi, maji yanatiririka kwenye mifereji ya Coventry Road, mimi nilikuwa nacheka peke yangu. Kila tone lililonidondokea lilikuwa limepungua kwa Baba.

Mwisho wa mwezi wa tano baba mdogo akapiga simu. Ilikuwa mchana. Yeye alizungumza Kiingereza cha kwao, ambacho Mama alikuwa anakikimbilia na hakifikii, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Nilishika simu kwa mikono miwili, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na ile sauti, chwaaa, haipumziki. Nikamuuliza wanapika nini. Nilidhani mtu anakaanga samaki karibu yake.

Akacheka. Akasema ni mvua, mwanangu, iko juu ya bati.

Nikamwambia Mama. "Masika ya huko yamechelewa kuisha," Mama akasema. "Muulize inaisha lini."

Nikauliza. Baba mdogo akasema inaisha vipi na ndiyo kwanza imeanza? Itakwenda mpaka mwezi wa kumi na moja.

Nikatafsiri. Mama akaacha alichokuwa anakifanya. "Muulize mwezi wa saba."

Akasema mwezi wa saba pantoni inavutwa nchi kavu na kufungwa kwenye miti, mto unakuwa hauna adabu, hakuna anayevuka. Yeye mwenyewe leo amevuka kwa bahati, na akirudi hajui atapiga tena lini. Akasema lakini tusiwe na wasiwasi, ndugu yake anajua tutakuja Disemba, mvua ikiisha, kama Mama alivyosema. Kila asubuhi wanamwambia avumilie. Amekonda sana lakini anahesabu miezi.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya kusoma darasani, kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa. Mama ndiye aliyeelewa. Alikaa chini pale pale sakafuni, mgongo kwenye mlango wa friji. Kwa mtu wa Pangani mvua kubwa ni ya mwezi wa tatu mpaka wa tano, na mwezi wa saba ni vumbi na upepo wa baridi, na hajawahi kufikiri kwamba kuna Mwafrika mwenzake ambaye kwake ni kinyume. Baba alipomwambia aje kabla ya mvua alikuwa anampa miezi mitatu mizima ya njia kavu. Mama akaikalia miezi hiyo Small Heath, akisubiri masika ya kwao yaishe kwenye nchi ya mume wake.

"Aliniita," Mama akasema. "Aliniita jua likiwa linawaka, nikamwambia asubiri."

Hapo ndipo tulipoanza kuhangaika. Mama alitaka kuondoka kesho yake, na pasi yake ya kusafiria haikuwepo. Tulikuwa tumeituma kubadilishwa wiki mbili nyuma, maana tulikuwa na muda mwingi. Kila siku nikitoka shule tulikuwa tunakaa kwenye ngazi, tunapigia ofisi ya pasi, simu kwenye spika, muziki wao unapiga, na akipokea mtu mimi ndiye nasema my mum says please, my dad is very ill. Walikuwa wapole. Walisema iko njiani. Mama aliacha kula chakula cha mchana, akawa anakwenda kumvizia mtu wa posta kona ya mtaa, na siku nyingine alimfuata nyumba tatu nne akimuuliza kama ameangalia vizuri. Nilikuwa namwonea haya. Mungu anisamehe, nilikuwa navuka barabara ili nisionekane naye.

Pasi ilifika mwisho wa mwezi wa sita. Wiki ya kwanza ya mwezi wa saba Mama alikuwa na tiketi, moja. Akasema mtoto haendi. "Mto umejaa, sitampoteza na wa pili." Nilimshika koti mlangoni, na nikasema kwa Kiswahili, sentensi nzima, "Mama, nipeleke kwa Baba." Alijua nikiacha Kiingereza nimebanwa kweli. Akanitoa mikono kidole kimoja kimoja, akanikabidhi kwa Anti Njeri, akaingia kwenye teksi.

Mnalikumbuka joto la kiangazi kile, ninyi wenzangu mliokulia huku. Nyasi za bustani ya Small Heath ziligeuka rangi ya chapati. Gari la aiskrimu lilikuwa linapita mara mbili kwa siku na watoto wako nje miguu peku. Wiki ikapita, ya pili ikapita, bila hata wingu. Mimi nilikuwa nakaa dirishani kwa Anti Njeri nalia. Kama hapa ni pakavu namna hii, basi mvua yote, yote ya dunia, imekwenda kwa Baba. Nikawa namwomba Mungu aturudishie. Nilimwaga hata maji nje kwa jagi, nikidhani labda yataivuta.

Anti Njeri akanikuta. "Na wewe, jua tamu hivi na unalia?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alikaa kitandani na sare yake ya kazi, akanivuta karibu. "Mariama, mvua si moja. Kila pahali iko na yake, na iko na saa yake. Hata mimi sikujua, na mimi ni mtu mzima." Akanipangusa uso kwa kiganja. "Mimi ndio nilimwambia mamako July ni sawa." Akaanza kulia yeye, na mimi nikabaki kumpigapiga mgongo, maana kwetu ndivyo anavyobembelezwa mtu.

Mama alirudi mwezi wa nane. Aliyoyaona hakuniambia siku moja, alinipa kidogo kidogo, akikunja nguo au akisubiri basi. Pantoni ilikuwa imefungwa kwenye miti kama tulivyoambiwa. Wenye mitumbwi walikataa katakata, mmoja akamwambia Mama, mimi pia nina mke. Alipata chumba kwa mama mmoja muuza mchele na kila siku alikuwa anashuka mtoni kutazama upande wa pili. Siku ya tatu alimwona baba mdogo ng'ambo, na baba mdogo akamwona. Siku ya nne wanaume wanne walimleta Baba kwenye kiti, wamemfunika plastiki, wakamtua ukingoni.

Mto ulikuwa na upana wa kutoka kwetu mpaka msikitini, Mama alisema. Alikuwa na mwavuli lakini aliukunja, ili amtambue. Baba alimtambua. Aliinua mkono wake mzima, wa kulia, akawa anausogeza hivi, na midomo inasema. Mama akapiga ukelele, "Sikusikii." Baba akasema tena. Wale wanaume nao wakapaza sauti, lakini maji yalikuwa yanameza kila kitu. Mama alibaki amesimama na kulowa, hakuondoka, alisimama mpaka walipombeba na kupanda naye kilima. Kesho yake mto ulikuwa umeifunika njia ya upande ule, na hawakuweza kumleta tena. Alikaa mpaka likizo ikaisha.

Kilichomtafuna ni yale maneno. Alikuwa anasimama mbele ya kioo cha bafuni anaifanya midomo yake ilivyokuwa ya Baba, huku na mkono anausogeza, atafute sentensi inayolingana. Mwisho akaipata moja, na ikamkaa. "Alisema nilikwambia. Nilikwambia kabla ya mvua." Anti Njeri alimwambia hakuna mgonjwa anayeshushwa kilima kuja kulaumu. Mama akasema wewe humjui, alikuwa mtu wa kusema kweli.

Baba alifariki mwezi wa tisa. Habari ilitufikia kwa mfanyabiashara aliyethubutu kuvuka, na ilipotufika Baba alikuwa na siku kumi na moja kaburini. Tukasoma khitma sebuleni kwetu, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mama akaingia eda, na hata eda ilikuwa imeanza bila yeye. Zile siku kumi na moja alikuwa amevaa nguo za rangi na kwenda kazini na kucheka na watu, na alizitubia kama amezitenda makusudi. Nilikuwa nalala naye chumbani. Hakulia mbele yangu. Aliuliza tu, mara kwa mara, kama nadhani Baba alikuwa na hasira, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilimjibu kwa Kiingereza kwamba sijui.

Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi, baba mdogo akapiga. Pantoni ilikuwa imerudishwa majini siku ile. Alikuwa nje, nyuma yake kulikuwa na jogoo na sauti za watu sokoni. Alitupa pole, akaeleza mazishi, nani aliosha, nani alisalisha, na mimi nikatafsiri, Mama ameketi kitandani na nguo zake nyeupe za eda.

Alipomaliza Mama akasema, "Muulize siku ile mtoni alisema nini."

Sikutaka kuuliza. Nilimwangalia Mama, akanifanyia ishara na kidevu. Nikauliza.

Baba mdogo akasema, ah, ile. Alitugombeza sana siku ile, akasema hatujui kupiga kelele.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

Nikasikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia kwa Kiswahili, polepole nisikosee. "Alikuwa anasema, mwambieni mke wangu atoke kwenye mvua, atapata homa. Alikuwa anarudia hilo tu."

Mama akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Akaitazama ile simu mikononi mwangu muda mrefu.

"Mwambie sikuumwa," akasema.

Nikaitafsiri hivyo hivyo, sikujua la kufanya lingine. Baba mdogo akasema sawa. Akivuka kurudi atapitia kaburini kwanza, atamwambia.